Kitabu chembamba, ugomvi mnene

Jamani nani aliwadanganya watu kwamba kitabu kifupi hakina matata? Nimeteseka mimi. Tuna kikundi chetu cha kusoma, watu wazima tu wenye madeni na migongo inayouma, na zamu ya kuchagua ilipofika kwangu nikachukua Lanzarote, riwaya ya Mfaransa Michel Houellebecq, na sababu ilikuwa moja, wembamba wake. Hakifiki hata kurasa mia. Habari za kisiwa chenye jina hilo hilo, habari za likizo, volkeno kidogo, bahari kidogo, nikajua hapa tutapumzisha akili. Sasa hivi kuna watu wawili hawapokeleani simu.

Kwa ambaye hajakisoma, kilitoka Ufaransa mwaka 2000, sisi tumesoma tafsiri ya Kiingereza ya 2003. Jamaa mmoja hivi Mfaransa, hana mke hana raha, mwaka mpya unakuja naye anauona kabisa utamharibikia kama kawaida yake, basi anaingia ofisi ya mambo ya safari, dada wa pale anajaribu kumuuzia nchi hii na ile yeye anatoa kasoro tu, mpaka anaangukia Lanzarote. Huko anakutana na Rudi, polisi kutoka Ubelgiji aliyeachwa na mkewe, halafu na Wajerumani wawili, Pam na Barbara, ambao ni wapenzi wao kwa wao ila hawana choyo. Yanatokea mambo ufukweni hapo ambayo mwandishi kayaeleza hatua kwa hatua, bila aibu wala haraka, kama maelekezo ya kuunganisha kabati. Baadaye Rudi anajiunga na dhehebu linalosubiri viumbe kutoka sayari nyingine, anaishia kwenye kesi ya kutia kinyaa, na kitabu kinaisha hapo hapo ukiwa bado unatafuta kurasa zingine.

Mwalimu wetu mstaafu ndiye aliyeanza. Kasema hii siyo riwaya, ni manung'uniko ya mwanaume mvivu, na uchafu ule haukuwa na kazi yoyote kwenye hadithi. Sawa Mwalimu, shikamoo yako tunaitoa kila siku, lakini mbona ule uchafu unaujua kwa namba ya ukurasa? Kila akitaka kutuonyesha jinsi alivyochukizwa anafungua pale pale mara moja, hata hatafuti!

Kijana wa mambo ya kompyuta akaja juu, kwake hiki ni kito, eti kinaonyesha upweke wa binadamu wa leo. Huyu kila kitabu kwake kinaonyesha upweke wa binadamu wa leo. Tulishawahi kusoma kitabu cha ndege wa porini akasema hivyo hivyo.

Wakabishana wee, kisha likaingia lile swali ambalo likiingia ujue hamlali, kwamba huyu msimuliaji anayeropoka kuhusu Waarabu, Waingereza, Wabelgiji na kila taifa linalopita mbele yake ni mhusika tu au ni mwandishi mwenyewe kajificha? Mwalimu akaleta ushahidi, kwamba mwandishi huyu kweli alifikishwa mahakamani Paris kwa maneno yake kuhusu Uislamu kwenye mahojiano. Kijana akajibu kwamba mwaka 2002 mahakama ilimwachia. Mwalimu akasema kuachiwa na mahakama siyo kuwa na adabu. Hapo nikiri Mwalimu alinifurahisha, maana utani wa kitabu kile ukiuangalia vizuri nusu yake ni wa kuchekesha na nusu ni mtu mzembe tu anayetukana kwa sababu hana la kusema.

Lakini aliyenimaliza ni dada mmoja mwenye watoto wadogo. Yeye hana habari na upweke wala mahakama. Hasira yake ni kwamba mtu kapewa wiki nzima, hana mtoto wa kumuogesha, kitanda katandikiwa, chakula kaandaliwa, halafu ANACHOKA. "Nipeni mimi hiyo wiki, niende nikaangalie dari tu, nirudi nimenenepa." Akaendelea kusema mwandishi angekuwa na akili angeandika habari za aliyebaki nyumbani. Nikamwambia dada yangu huo ni uhakiki mzito kuliko wote tuliosikia leo, akadhani namkejeli, na sikuwa namkejeli.

Sasa mimi hoja yangu nani kaisikiliza? Mimi nilitaka tuzungumzie kisiwa. Yule msimuliaji anazunguka pale kana kwamba kaletwa kwenye chumba cha kusubiria daktari, na watu wanasoma wanaamini kwamba kweli hakuna kitu. Jamani! Mwaka 1730 ardhi ya pale ilipasuka sehemu inayoitwa Timanfaya ikamwaga moto mpaka 1736, karibu miaka sita, vijiji vikafunikwa na mashamba mazuri yakazikwa. Watu wakafanyaje? Wakachimba mashimo kwenye majivu mpaka wakaukuta udongo wa zamani, wakapanda mzabibu humo chini, shimo moja mzabibu mmoja, wakauzungushia kiukuta cha mawe cha nusu duara kuzuia upepo. Mvua hakuna ya maana, ila yale majivu yanashika unyevu wa usiku na kuutunza mizizi inywe. La Geria hiyo, mpaka leo wanatengeneza mvinyo. Na Timanfaya penyewe wahudumu wanamwaga maji kwenye tundu ardhini yanarudi juu kwa kishindo yakiwa mvuke, na kuna mgahawa unaochoma nyama kwa joto linalotoka chini. Halafu mtu anakaa juu ya moto wote huo anasema amechoka!

Na hapo ndipo nadhani mwandishi alikuwa mjanja kuliko Mwalimu anavyotaka kukubali. Nchi inachemka chini, juu yake mtu baridi kabisa. Nikaisema hii. Wakanyamaza kidogo, nikajua imewaingia, kumbe walikuwa wanasubiri nimalize warudi ufukweni kwa Pam na Barbara.

Nikawaongezea habari za César Manrique, msanii mzaliwa wa kisiwa hicho hicho aliyerudi kutoka New York akapigana ili mahoteli marefu na mabango ya matangazo yasijae pale. Kimya. Nikasema José Saramago, mwandishi Mreno aliyepata tuzo ya Nobeli, aliishi huko tangu 1993 hadi alipofariki 2010, kwa hiyo siyo kila mwandishi anapachukulia kama jela. Shemeji akadakia, "kwani ni mbali na sisi?" Nikamwambia shemeji, ni mali ya Hispania lakini kiramani kiko jirani na pwani ya Afrika, Hispania penyewe ndiyo mbali. Akafurahi mno, akauliza hoteli gani ina mandhari ya bahari. Shemeji alikuwa hajafungua hata ukurasa mmoja, analaumu kitabu kwamba hakijasema lolote la maana kuhusu vyumba.

Ukiniuliza mimi, mwanzo ule wa ofisi ya safari ni mtamu, nimecheka peke yangu mpaka nikaulizwa kuna nini. Ila Rudi kaonewa. Yule ndiye mwenye kisa, mtu aliyevunjika akaenda kutafuta pa kushika akashika pabaya, na mwandishi kampitisha mbio mbio kama ana basi la kuwahi. Nililisema hili pia, nikaambiwa na Kijana kwamba ndiyo mtindo. Haya, mtindo.

Mwishoni tukatakiwa kutoa nyota, kuanzia sifuri mpaka tano. Mwalimu sifuri. Kijana tano. Dada akakataa kutoa mpaka apewe likizo kwanza. Mimi tatu, na nikaulizwa kwa ukali kwa nini naogopa kuchukua upande. Shemeji katoa nne, kwa ajili ya jalada.