Ukingo wa barabara ukiua, wa kushtakiwa ni nani?

Gari likigonga ukingo wa chuma na kipande kikapenya hadi kwenye viti vya abiria, wengi wetu hapa Mombasa huwa tushatoa hukumu kabla polisi hawajafika: chuma kilikuwa kibovu, aliyekitengeneza alipe. Hasira hiyo naielewa. Ukingo huwekwa kumwokoa aliyepoteza mwelekeo, na ukimuua, familia yake haiwezi kuambiwa ni bahati mbaya. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya fidia kwa hasara au jeraha linalotokana na kasoro ya bidhaa au huduma. Tunachokisahau ni kwamba ibara hiyohiyo inazihusu pia bidhaa na huduma za taasisi za umma.

Kesi inayotajwa sana na wanaotaka watengenezaji wabanwe ni ya Trinity Industries ya Marekani. Kampuni hiyo ilikuwa ikiuza kichwa cha chuma kiitwacho ET-Plus, kinachofungwa mwanzo wa ukingo. Gari likikigonga, kichwa husukumwa nyuma, kikaubana ukingo, kikaulaza na kuutoa kando, mbali na gari. Kikikwama, ukingo hujikunja na kuwa mkuki. Mwaka 2005 kampuni ilipunguza upana wa mfereji wa kichwa hicho, unaopitisha ukingo, kutoka inchi 5 hadi inchi 4, na mamlaka ya barabara kuu ya Marekani haikuambiwa. Ilikuja kujua mwaka 2012, baada ya mshindani wa kibiashara kuibua suala hilo.

Hiyo inchi moja haniishi akilini. Ni sentimita mbili na nusu tu, mtu hawezi kuiona akipita kwa gari, wala mhandisi wa kaunti hawezi kuishuku asipokuwa na kipimo mkononi. Ndiyo maana kunyamaza kuhusu badiliko kama hilo hakuna utetezi, hata bidhaa ikifaulu majaribio baadaye. Wanaosema mtengenezaji akae macho kwa hofu ya mahakama, hapa wana hoja isiyopingika.

Lakini fuata kesi hadi mwisho. Mwaka 2014 baraza la mahakama huko Texas, yaani raia wa kawaida walioitwa kuamua kesi, liliona serikali ilidanganywa, na mwaka uliofuata hukumu ikafika dola milioni 663. Haikuwa fidia ya majeruhi; ilihusu fedha za umma. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliifuta, kwa kuwa serikali yenyewe, ikiwa imeshajua yote, iliendelea kukikubali kifaa na kukilipia. Wengi husoma hapo wakasema tajiri ameponyoka. Mimi nasoma kwamba mnunuzi anayejua na akaendelea kununua ana sehemu yake ya dhamana.

Sasa turudi kwetu. Kwa kipimo cha Marekani kilichotumika miaka mingi, ukingo wa kawaida ulijaribiwa kwa gari dogo na pikapu ya kilo 2,000, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Trela la ekseli saba linalotoka Kilindini na kupanda Changamwe kuelekea Mariakani linaruhusiwa kisheria kufika tani 56. Linganisha mwenyewe. Zipo kingo zilizojaribiwa kwa malori mazito, ila ni ghali zaidi, na anayeamua ipi inunuliwe ni mwenye barabara. Trela likiukata ukingo wa pikapu kama uzi, kasoro iko kiwandani au kwenye zabuni?

Halafu kuna yanayotokea chuma kikishaondoka kiwandani. Mkandarasi anaweza kuchimbia nguzo kwa kina pungufu, au barabara ikaongezwa lami na ukingo ukabaki chini kuliko ulivyopimwa. Hewa ya chumvi ya pwani hula zinki mahali bolti ilipokwaruza, kutu ikaanzia hapo. Wezi nao hufungua nati na bolti kuuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Yote haya mtengenezaji hayaoni wala hana ruhusa ya kuyarekebisha.

Tukimtwika yeye peke yake, mfua chuma mdogo ataacha zabuni hizo. Atabaki muuzaji mkubwa mwenye ofisi ng'ambo, na mjane wa Jomvu atamfuata wapi?

Kinachomuumiza mjane huyo kuliko sheria ni ushahidi. Kesi ikifika kusikizwa, kipande kilichoua kimeshakatwa na kubadilishwa. Kila ukingo ugongwe muhuri wa kiwanda na fungu la uzalishaji, mkandarasi aandike kina cha nguzo na kimo cha ukingo siku ya kuufunga, na baada ya ajali ya kifo chuma kisiondolewe kabla hakijapimwa na kupigwa picha. Hapo mtengenezaji aliyepunguza inchi moja kimyakimya atajulikana, na asiyepunguza hatalipia nguzo iliyochimbiwa na mwingine.