Usinunue transfoma kwa kuangalia bei peke yake

Jirani yangu mwenye kiwanda kidogo cha kuchana mbao huku Pongwe anataka transfoma yake mwenyewe. Nikamsindikiza kwa muuzaji, Tanga mjini. Karatasi ya bei ilitaja ukubwa, volti, bei na siku za kuletewa mzigo. Nikauliza: bila mzigo, yaani mashine zote zikiwa zimezimwa, inapoteza wati ngapi? Yule kijana akanijibu, "Mzee wangu, transfoma ni transfoma. Wewe tazama bei."

Jibu hilo limenikera mpaka leo.

Transfoma haizimwi. Misumeno ikinyamaza jioni, Jumapili nzima, Idi yote, yenyewe iko pale nguzoni, na usumaku wa kiini chake unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Kila mgeuko unakula umeme, unaugeuza joto. Kiini cha kawaida ni mabati ya chuma chenye silikoni, na humo atomu zimejipanga kwa safu ndani ya chembechembe za fuwele. Zinapokutana chembe mbili, usumaku unakwama, na kuusukuma upite kuna gharama yake.

Sasa kuna viini vya metali za kioo. Chuma, silikoni na boroni huyeyushwa pamoja, uji ukamiminwa juu ya gurudumu la shaba linalozunguka kwa kasi kubwa. Unapoa kwa kiwango cha kama nyuzi joto milioni moja kwa sekunde, kwa hiyo atomu hazipati muda wa kujipanga. Zinaganda shaghalabaghala vilevile zilivyokuwa kwenye uji, kama ilivyo kwenye kioo. Unatoka utepe wa unene wa milimita 0.025 hivi, kama sehemu moja ya kumi ya bati la kawaida. Fuwele hamna, kwa hiyo usumaku unageuka kwa wepesi. Tena utepe huo una ukinzani mkubwa wa umeme, basi hata mikondo inayozunguka ovyo ndani ya chuma inapungua. Upotevu wa bila mzigo hushuka kwa karibu asilimia 70.

Wala si jambo la jana. Mwanasayansi Pol Duwez na wenzake kule California walitangaza kioo cha kwanza cha aina hii, cha dhahabu na silikoni, mwaka 1960. China na India wamekwisha kufunga transfoma hizi kwa wingi.

Tuseme ya kawaida inapoteza wati 400. Kwa mwaka ni uniti 3,504, na hapo hujachana hata ubao mmoja. Ya kiini cha kioo ingekula uniti 1,050 hivi. Mita ikiwa upande wa msongo mkubwa, umeme unakoingilia transfoma, tofauti hiyo anailipa jirani yangu, mwaka baada ya mwaka, kwa muda wote transfoma itakaoishi. Ikiwa upande wa msongo mdogo, umeme unakotokea, inabebwa na gridi, yaani sisi sote. Nasi watu wa Tanga tunajua umeme unatoka wapi: mvua zikikatika, Mto Pangani ukipungua, mitambo ya Hale na Pangani Falls nayo inalegea. Kuyapitisha maji yale kwenye mitambo ili yakapashe chuma joto usiku kucha ni dhambi.

Nakubali, bei yake iko juu. Kiini hicho hushiba usumaku mapema, kwenye tesla (kipimo cha usumaku) 1.56 hivi, wakati chuma cha silikoni hufika 2, kwa hiyo transfoma huwa kubwa na nzito zaidi. Upotevu wa kwenye koili, yaani nyaya zilizozungushiwa kiini, unaotokea mashine zikifanya kazi, haupungui, na anayeendesha mashine usiku na mchana atafaidika kidogo. Lakini kiwanda cha jirani yangu hulala kila usiku!

Metali za kioo zina kazi nyingine pia, kama vichwa vya fimbo za gofu na vibandiko vya kuzuia wizi madukani. Mimi hayo hayaniumizi kichwa.

Jirani bado hajalipa. Nimemsihi arudi kwa yule kijana na kudai namba mbili kwa maandishi, upotevu bila mzigo na upotevu wa mzigo kamili, kwa kila transfoma anayouziwa, ndipo wazungumze bei.