Mafunjo ya Ziwa Victoria: mkataji ndiye adui?

Kila unapozuka mjadala wa kuhifadhi ardhioevu za Ziwa Victoria, hukosi kusikia pendekezo la kuwapiga marufuku wanaokata mafunjo. Ni rahisi kulisema kwa sababu mkataji anaonekana. Yuko pale Dunga, Kisumu, maji yamemfika mapajani, panga mkononi, na mzigo wa mabua mabichi haufichiki. Mimi naona tunamkamata mtu asiye mkosaji mkuu, ingawa wanaomshuku wana hoja nzito.

Mafunjo (Cyperus papyrus) ni ndugu wa ndago, lile gugu linalowakera wakulima, ila yenyewe hurefuka hadi mita nne au tano. Bua lake lina pembe tatu na halina majani ya maana. Kazi ya kutengeneza chakula hufanywa na bua lenyewe pamoja na kishungi cha kijani kilicho juu. Chini kuna rizomu, yaani mashina yanayotambaa, nene na zilizosukana mpaka zikawa kitanda kinachoelea. Bua likizeeka, halifi na mali yake yote: sehemu kubwa ya virutubisho vyake, naitrojeni na fosforasi, hurudishwa kwenye rizomu ili kulisha machipukizi.

Hapo ndipo wapinzani wa ukataji wanapopata nguvu. Anayekata bua bichi huondoka na akiba hiyo. Akirudi kabla rizomu haijajijenga upya, machipukizi hutoka membamba na nyasi nyingine huvamia. Kuna pia gonoleki wa mafunjo, ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa njano, ambaye ni nadra kumkuta nje ya mimea hii. Kichaka kikikatwakatwa ovyo, hana pa kuhamia.

Lakini naitrojeni na fosforasi hizo zilitoka wapi? Zilitoka kwenye maji: mbolea iliyosombwa na mvua kutoka mashambani, na maji taka ya miji. Ndizo hizohizo zinazonenepesha magugu maji. Kwa hiyo kila mzigo unaobebwa kwenda kusukwa mikeka au kutengenezwa viti ni uchafu uliotolewa ziwani, tena bure. Mabua yanayoachwa yaozee palepale hurudisha sehemu yake majini. Isitoshe, anayekula kwa mikeka ana kila sababu ya kutaka mafunjo yawepo mwakani. Mwenye trekta, anayekausha kinamasi ili alime, hana.

Na trekta ndilo lenye madhara. Kinamasi cha Yala, magharibi mwa Kenya, kilianza kukaushwa miaka ya 1960, na kuanzia 2003 kampuni ya Kimarekani ya Dominion Farms ikaendesha humo kilimo cha mpunga. Siwezi kumbeza anayetaka shamba pale. Udongo ni mweusi, maji yapo hata kiangazi, na njaa haingoji semina. Ila bua lililokatwa huchipua, na kinamasi kilichokaushwa hakichipui. Mboji iliyolala chini ya maji kwa karne nyingi ikipata hewa huoza na kutoa kaboni. Katika Yala hiyohiyo, Ziwa Kanyaboli limebaki kimbilio la ngege, samaki wa asili aliyetoweka karibu kote katika Ziwa Victoria baada ya sangara kuletwa.

Sheria kali peke yake haijatosha. Katiba ya Uganda ya 1995 inaitaka serikali ishike ardhioevu kwa niaba ya wananchi, lakini kinamasi cha Nakivubo, kinachochuja maji taka ya Kampala kabla hayajafika ziwani, kimeendelea kumegwa na mashamba ya magimbi na majengo.

Ningependelea ukataji wa zamu: eneo ligawanywe, kila kipande kipumzike mwaka mzima, na ukanda wa upande wa ziwa usiguswe kabisa. Utaratibu huu una tundu lake. Bei ya mikeka ikishuka, mwenye watoto wa kulisha atakata zaidi ili afidie, na kikundi cha wasusi hakina askari wa kumzuia jirani. Kwa hiyo kazi ya ulinzi wa zamu isiachiwe wasusi peke yao. Na afisa atakayepewa kazi hiyo aanze na mfereji wa kukaushia kinamasi kabla hajamfuata mwenye panga.