Jenomu peke yake haitutoshi kumjua bakteria anayeishi ndani ya mwani

Mwaka 1998 mwanasayansi Jonathan Zehr na wenzake walikuta katika maji ya Bahari ya Pasifiki kipande kifupi cha DNA ya bakteria anayenasa nitrojeni, yaani anayeigeuza ya hewani iwe lishe. Bakteria mwenyewe hakuonekana, akabaki na jina la UCYN-A. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, ilipochapishwa mwaka 2010, ikiwa na herufi milioni 1.44, ilizua jambo la ajabu. Huyu ni wa ukoo wa sianobakteria, mabingwa wa usanisinuru, lakini hana jeni za kutoa oksijeni wala za kujipatia kaboni kutoka hewani. Kiumbe wa namna hiyo hawezi kujitegemea, kwa hiyo lazima yupo anayemlisha. Mwaka 2012 mlishaji akajulikana kuwa ni mwani wa seli moja.

Hapo wanaotetea usomaji wa jenomu wana haki kabisa. Viumbe wengi wa baharini hawakubali kufugwa maabara, na bila DNA hata swali la kuuliza tusingekuwa nalo.

Shida huanza pale jenomu inapopewa kazi ya kutoa hukumu. DNA ya seli moja ni kidogo mno, hivyo hurudufishwa mara nyingi kabla ya kusomwa, na urudufishaji huo hauendi sawasawa: sehemu nyingine hujaa nakala, nyingine hurukwa. Jeni isiyoonekana huenda imepotea kweli katika mageuzi, au haikusomwa tu. Isitoshe, viumbe wengi wa seli moja hula bakteria. DNA iliyokutwa ndani ya seli yaweza kuwa ya mshirika wa kudumu, na yaweza kuwa ya mlo uliomezwa muda mfupi uliopita. Mfuatano wa herufi hautenganishi mambo hayo mawili. Darubini ndiyo hutenganisha.

Hata udogo wa jenomu, unaodhaniwa kuonyesha kuwa bakteria amegeuka sehemu ya seli, hupotosha. Ndani ya diplonemidi, viumbe wengine wa seli moja wa baharini, wanaishi bakteria wenye jenomu isiyofika herufi milioni moja, na bado huhesabiwa kuwa bakteria. UCYN-A, mwenye jenomu kubwa kuliko hao, ndiye aliyetangazwa mwaka 2024 kuwa oganeli, yaani sehemu ya seli yenye kazi yake maalumu, akaitwa nitroplasti. Kilichoamua ni protini nyingi anazoletewa na mwani, pamoja na picha za eksirei zilizoonyesha akigawanyika kwa mpangilio mmoja na sehemu nyingine za seli. Ushahidi huo ulihitaji mwani ulio hai, na mtafiti Kyoko Hagino wa Japani alihangaika zaidi ya miaka kumi hadi akaweza kuukuza.

Kazi kama hiyo ni ya polepole na haizai makala kila mwaka, lakini kwangu ndiyo inayostahili fedha zaidi sasa. Jenomu ziendelee kusomwa, ila ushirika uliotangazwa kwa herufi tupu, bila picha ya bakteria akiwa ndani ya seli, uitwe dhana hadi picha hiyo ipatikane.