Twiga Wetu Hana Sanamu

Jamani, mie naendesha tuktuk hapa Malindi, na bosi wangu wa kweli ni Vasco da Gama. Mtu kafa karne tano nyuma, lakini ruti bado anapanga yeye. Mgeni akishuka tu: "Nipeleke kwenye nguzo ya Vasco." Tukifika, anaitazama ile nguzo ya matumbawe, anautazama msalaba wake wa mawe ya Lisbon, kisha ananigeukia mie: "Ni hii tu?" Sasa mie nijibuje? Kwani mie ndiye fundi?

Na huyo bwana mwenyewe alikaa siku ngapi? Alifika Aprili 1498, kule Mombasa mambo yamemwendea kombo. Sultani wetu hakuwa akielewana na wa Mombasa (siasa za Pwani hazikuanza jana), akamkirimu, siku kama kumi hivi. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye tukampa rubani wa kumvusha hadi Calicut, kule India, na kumbukumbu juu! Mie nimezaliwa hapa, na kivuli cha kuegesha tuktuk sina.

Linaloniuma ni twiga. Mwaka 1415, kabla Vasco hata hajazaliwa, Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga. Mzima! Mie nikipakia mbuzi mmoja, abiria anaziba pua hadi Maweni. Hao walivuka bahari na mnyama mwenye shingo kama mlingoti, na kule wakamwona mnyama wa baraka. Mawimbi yakichafuka, nani alikuwa akimshika kichwa? Huyo ndiye wa kujengewa nguzo.

Basi nikatoa hoja pale stejini: tujengewe sanamu ya twiga. Loo! Mmoja akasema shingo itagusa nyaya za stima. Mwingine akasema wakati wa kampeni shingo yote itabandikwa posta. Wa tatu akauliza ataelekea wapi. Nikasema baharini, kwani ndiko alikokwenda. "Kwa hiyo sisi wenye mji tuonyeshwe makalio?" Hapo nusura tushikane mashati.

Hawe Mekatilili walau tunamkumbuka. Mwaka 1913 alizunguka akicheza kifudu, akiwaambia Wagiriama wasikubali kulazimishwa kazi za Mwingereza. Waingereza wakamhamishia Kisii, huko magharibi mwa nchi, akatoroka, akarudi kwa miguu. Kisii! Abiria wangu nikimshusha nyumba mbili mbele ya mlango wake, ananilaani hadi jioni.

Akadakia jamaa kwamba twiga achongwe kwa mti, apendeze. Nikakataa katakata. Vigango, zile nguzo za kuwakumbuka wazee wetu waliofariki, si vilikuwa vya mti? Vikang'olewa, vikauzwa, vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani. Viwili vilirudi mwaka 2007, navyo kwa kuombwa sana. Twiga awe wa zege, na miguu izamishwe chini, anayemtaka aje na kreni tumwone.

Tukakubaliana. Tukaanza hata kubishana rangi ya madoa. Ndipo muuza mahamri, ambaye muda wote alikuwa kimya akihesabu chenji, akauliza: "Na kinyesi cha kunguru, nani atakuwa akipanda kumwosha?"

Ghafla kila mtu akakumbuka ana abiria anamsubiri.