Alama za ukaribu: zinafichua dhana au majirani zake tu?

Katika Semantle, mchezo alioutoa David Turner mwaka 2022, neno moja hufichwa na kila unapokisia hupewa alama ya ukaribu wa maana, si wa herufi. Alama hiyo ni kosaini ya pembe kati ya vekta mbili (orodha za namba zinazowakilisha maneno hayo) mara 100. Vekta zilitokana na word2vec, programu ya Google (2013) inayogeuza maneno kuwa vekta: kila neno lina namba 300, zilizofunzwa kwa matini za habari za Kiingereza zenye maneno takriban bilioni 100.

Wanaoziamini alama wana hoja nzito. Neno hujulikana kwa maneno linaloandamana nayo, mwanaisimu J. R. Firth alilisema hilo mwaka 1957. Ndiyo maana ukianza na maneno kumi ya nyanja tofauti (chakula, bahari, ndoa, vita, ugonjwa) hukawii kuona upande wa kuelekea.

Wenye shaka nao hawajakosea. "Moto" na "baridi" huandamana na chai ile ile, maji yale yale, kwa hiyo vinyume huweza kupata alama kubwa. Zito zaidi ni hesabu ya pembe. Tuseme makisio mawili yamepata 40 kila moja. Wengi hukimbilia kutafuta kinachoyaunganisha, ilhali alama baina ya makisio hayo yenyewe inaweza kuwa popote kati ya -68 na 100. Yakipata 80 kila moja, baina yao haishuki chini ya 28. Basi kwenye 40 fuata kila neno kivyake. Makutano yatafutwe alama zikishapanda.

Kiswahili kinaongeza ugumu wake. "Nilipika", "anapika" na "hupika" huhesabiwa kuwa maneno matatu, na lisilotokea mara nyingi hupata vekta dhaifu. fastText, programu nyingine ya aina hiyo, hulitibu hilo kwa kukata neno vipande vya herufi chache, lakini "kata" na "kataa" zikigawana vipande, ukaribu wa herufi hujipenyeza kwenye alama ya maana. Kisha kuna "paa": la nyumba, mnyama, na kitendo cha kupanda angani, vyote ndani ya vekta moja. "Bati" na "swala" (mnyama) zikipanda pamoja, anayetafuta kitu kimoja chenye sifa zote mbili atahangaika bure.

Kwa maoni yangu, tofauti kati ya makisio mawili inaaminika kuliko alama yenyewe. Badilisha jambo moja tu kila mara: "mpishi", "pika", "jikoni". "Mpishi" ikizidi wenzake kwa mbali, jaribu watu wengine. Ukikwama, jaribu kinyume, kisha aina nyingine ya neno.

Mchezoni, 100 humaliza ubishi. Mtafiti anayekisia dhana iliyo nyuma ya orodha ya alama hana 100 ya kumthibitishia. Kabla ya kuitangaza, aandike maneno matano yanayopaswa kupanda iwapo amepatia, na matano yanayopaswa kushuka, ndipo apime. Hayo ya kushuka ndiyo hurukwa, na ndiyo yanayofichua kwamba ameshika jirani wa dhana, si dhana yenyewe.