Ng'ombe Sita na Kile Kidogo

Tuko wanne na gazeti ni moja. Kila asubuhi kijiweni kwetu, hatua chache kutoka stesheni ya Mwanza, Fundi Saa analinunua, Mwalimu mstaafu analikunja mpaka ibaki ile pembe ya chemsha bongo, ile ya kujaza maneno kwenye visanduku, mengine yakienda kulia, mengine yakishuka chini, Dada Cherehani anaacha nguo za watu zikisubiri, na mimi, karani wa reli wa zamani, nachangia kahawa na makosa. Sheria ni moja: hakijazwi kisanduku mpaka wote tukubaliane. Kalamu anashika Mwalimu, kwa sababu hajatokea wa kumnyang'anya.

Siku hiyo tulikwama Nne Chini, visanduku sita: "Hutolewa mahari." Nikasema ng'ombe hata kabla sijameza kahawa. Mwalimu akahesabu kwa ncha ya kalamu.

"N, G, ritifaa, O, M, B, E. Saba. Haingii."

"Ritifaa si herufi, Mwalimu. Ni kidude tu kinaning'inia pale juu."

"Upo Usukumani, halafu unakiita kidude? Kiondoe uone majina ya koo ngapi yatabaki!"

Kisha, bila kupiga kura, akaandika MABUZI. Kwa wino.

Dada Cherehani alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Mwalimu, mabuzi sisi tunayachuna. Nani kakwambia yanatolewa mahari?"

Mwalimu hakucheka. I ya mwisho ya mabuzi yake iliangukia Tisa Kulia, "Hana mume", visanduku vitano. M ya mwanzo tulikuwa nayo, na A ya katikati. Akaandika MWALI, akafunika kalamu, akaaga. Fundi alijaribu kutupoza kwa habari zake za redioni, kwamba mchezo huu wenyewe umejaa makosa: Arthur Wynne alipoutoa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913 aliuita "Word-Cross", na wiki chache baadaye wapanga chapa wakayageuza maneno kwa bahati mbaya, yakawa "Cross-Word", jina likabaki hivyo hivyo. Nikamwambia kosa la mpanga chapa nalisamehe. Mabuzi siyasamehe.

Usiku usingizi ukanikataa. Saa nane nikakaa kitandani ghafla: ng'ombe inaishia na E! Weka E mwisho wa Tisa Kulia, unapata nini? MJANE! Kila kitu kimekaa mahali pake. Nikapapasa simu. Miwani sikuitafuta, nisije nikamwamsha mama watoto.

Sasa hapa lazima niseme jambo ambalo nilipaswa kulikumbuka mwenyewe saa ile. Kundi letu la kijiweni kwenye WhatsApp linaitwa "Kamati ya Mraba". Na wiki hiyo hiyo nilikuwa mshenga wa mpwa wangu, aliyechumbia Magu, na kundi la shughuli ile, lenye wazee wa pande zote mbili, linaitwa "Kamati ya Harusi". Jumamosi mbili nzima tulikuwa Magu tukibembeleza. Walianzia ng'ombe kumi na tano. Tuliachana kwenye saba, na mbuzi wawili wa bibi. Kioo cha simu yangu kimepasuka upande wa kulia. Ninachokiona ni "Kamati ya" basi.

Nikaandika:

"Jamani nimekesha nikipiga hesabu. Ng'ombe ni sita, si saba. Kile kidogo hakihesabiwi."

Nikaona haijatosha.

"Futeni mwali, wekeni mjane. Mwali hawezi kukaa kwa ng'ombe sita, anayekaa ni mjane."

Na la kuwakomesha:

"Yale mabuzi yatolewe kabisa. Ni aibu."

Nikalala usingizi wa mtoto.

Nimekaa nikakilaumu sana Kiswahili chetu. Ingekuwa ubishi wa tano na nne, ningeandika "ni tano", na mzee yeyote wa Magu angeshtuka: mbona si watano? Angejua nahesabu herufi, sihesabu mifugo. Lakini sita na saba hazijui ngeli. Uzipeleke kwa herufi, uzipeleke kwa ng'ombe, zinavaa kanzu ile ile.

Niliamshwa na mama watoto, simu yangu mkononi, sauti ya chini kuliko kawaida yake. "Baba, huyu mjane ni nani?"

Simu kumi na tisa hazikupokewa. Mpwa wangu: "Mjomba, nimekukosea nini?" Baba mkubwa wa binti aliuliza kama kile kidogo ni yule ndama niliyemsifia mwenyewe zizini, na tangu lini ndama wa Magu hahesabiwi. Bibi aliwaulizia mbuzi wake. Lakini ujumbe uliomfanya mama watoto ashushe sauti ulikuwa wa mama mzazi wa binti, ambaye mumewe alifariki miaka mingi iliyopita:

"Mshenga, katika nyumba hii mjane ni mimi. Kama ndivyo mlivyokusudia, mngesema mapema."

Nilikimbilia kijiweni na malapa. Nilitegemea watanicheka, na walinicheka, Fundi mpaka akaangusha saa ya mteja. Walipomaliza, Dada Cherehani akafunga cherehani, Mwalimu akalikunja gazeti la jana akaliweka mfukoni kama hati ya kiwanja, tukapanda Hiace wote wanne.

Magu wazee walikuwa wameshajipanga kwenye viti. "Mwangaluka," nikasema. Wakaitikia kwa shida. Mwalimu akafungua gazeti, akaonyesha visanduku, wino, mwali na mabuzi. Akaeleza kila kitu vizuri sana, kisha akaharibu: "Ila kwa upande wangu, mimi bado nasema ni saba."

Minong'ono ya kuridhika ikapita upande wa wenyeji.

Fundi akasimama kunitetea. Akawasimulia habari za Leonard Dawe, mwalimu mkuu wa shule moja ya Uingereza aliyekuwa akitunga mafumbo haya ya gazeti la Daily Telegraph. Mwaka 1944, kabla majeshi hayajavamia Normandy, Ufaransa, majibu yake yalitoa Utah, Omaha, Overlord, maneno ya siri ya vita. Makachero wakamfuata, wakamhoji, wakamwachia.

Baba mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. "Na huyo walimtoza ng'ombe wangapi?"

"Hawakumtoza, mzee."

"Basi hao si Wasukuma."

Wakaenda pembeni kushauriana. Sisi tukabaki na gazeti. Mama wa binti akavuta kiti, akauliza Kumi na Mbili Kulia ni nini. Tulikuwa hatujaipata. Akaipata. Waliporudi wazee walitukuta vichwa vitano vimeinama juu ya karatasi, na nadhani hilo ndilo lililopunguza adhabu. Ng'ombe ni saba kama tulivyopatana, mbuzi wa bibi wako palepale, na mshenga atatozwa kile kidogo.

Kile kidogo ni yule ndama. Mpwa wangu ameshampa jina, Ritifaa.

Kesho yake gazeti likatoa majibu. Nne Chini: NGOMBE. Bila alama yoyote juu. Nilirusha kofia. Mwalimu akatazama, akavua miwani. "Huyo mnyama mimi simjui," akasema.

Ndama tumemlipia wote wanne, sawa kwa sawa. Mwalimu alihesabu robo yake noti kwa noti mbele ya mashahidi, akataka iandikwe kwamba, kwa malipo hayo, kile kidogo kimehesabiwa.